Moyo Ninao

Jino lililokaribia kumuua shangazi yangu lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto, la mwisho kabisa, na lilianza kuuma wiki ile watu wanavuna uwele. Ninayajua haya yote kwa ukamilifu kwa sababu nilikuwa nimeyasimulia mara nyingi mno kabla daktari hajaniuliza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa yametoka bila kunipeleka popote. Baba akanituma Dodoma kwa dada yake, mtaa wa Miyuji, nikajifunze kupiga chapa. Shangazi alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali mjini. Mumewe alikuwa amefariki kwa ajali ya lori njia ya Kondoa, hawakujaliwa mtoto, na nyumba yake ya vyumba viwili ilikuwa na utulivu wa faili lililofungwa. Jioni alinikalisha mbele ya mashine aliyoiazima ofisini, akanifunika mikono kwa kanga nisione vitufe, akasema, "Vidole vina macho. Viache vione."

Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu kilichokuwa hakipatikani kilikuwa kimekuja kwa mkupuo, kama wageni waliopotea njia kwa muda mrefu. Sabuni zilikuja za rangi nne. Dawa ya meno ilikuja ya kuchagua, na shangazi, aliyekulia mswaki wa mti huko Haneti, alichagua ile yenye mistari mitatu, akaisifia kwa majirani kwa mwaka mzima. Jino likaoza vilevile.

Alilitibu kwa njia zote zinazojulikana. Alibana karafuu. Alisukutua maji ya chumvi, ingawa maji ya bomba letu yalikuwa na chumvi ya kutosha bila kuongezewa. Alisaga aspirini akaipakaza juu ya jino, ikamuunguza shavu kwa ndani, akawa na maumivu mawili yanayoshindana. Alikwenda kazini amejifunga kitenge kutoka kidevuni hadi utosini, na mkuu wake wa kazi akamwambia anafanana na kifurushi cha posta kilichokosa stempu.

Bibi yangu, mama yake, alikuja kutoka Haneti na kiroba cha karanga, akamkuta hivyo. Bibi hakuwa na meno mawili ya chini ya mbele. Wazee wengi wa Kigogo wa umri wake hawakuwa nayo. Waling'olewa wakiwa watoto, kwa desturi, na katika pengo lile bibi alikuwa na ustadi wa kutema tumbaku mbali bila kufungua kinywa.

"Mbukwa," alimsalimu mwanawe kwa Kigogo, kisha akamwinamia shavuni. "Hilo si la kulifunga kitambaa. Hilo ni la kung'oa."

"Naogopa, mama."

"Unaogopa nini? Mimi niling'olewa mawili kwa ncha ya kisu. Nimeketi chini tu, wanawake wanatwanga pembeni."

"Bila ganzi?" niliuliza.

"Ganzi ndiyo nini?"

Nikamweleza kwamba ni sindano inayofanya usisikie. Bibi alilifikiria jambo hilo kwa haki.

"Sasa usiposikia," akasema, "utajuaje kama una moyo? Sisi mng'oaji alikuwa anakuuliza kwanza. Anakushika kidevu, anakuuliza: una moyo? Ukisema ninao, anang'oa. Ukinyamaza unarudishwa nyumbani, na utachekwa mpaka siku unaolewa."

"Wewe ulisema?"

"Nilisema kabla hajamaliza kuuliza."

Kesho yake nilimsindikiza shangazi mjini. Katika hospitali ya serikali foleni ya meno ilikuwa ya wiki, lakini watu binafsi walikuwa wameanza kuruhusiwa kufungua zahanati, na moja ya meno ilikuwa imefunguliwa katika jengo lililokuwa duka la ushirika. Hawakubadilisha sana. Rafu zilikuwa zilezile, zimepakwa rangi nyeupe. Kaunta ilikuwa ileile ya mbao, na nyuma yake, mahali alipokuwa akisimama muuzaji, alikaa nesi kijana mwenye kalamu mbili kifuani. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kaunta hiyo miaka na miaka akiuliza kama sukari ipo, na kujibiwa kwamba haipo. Sasa ilikuwa zamu ya kaunta kumuuliza yeye.

"Una presha, mama?" nesi aliuliza, macho kwenye fomu.

"Sina."

"Una sukari?"

"Sina."

"Una moyo?"

Nesi alikuwa amefupisha. Alikuwa na watu kumi na wanne kwenye benchi, na ugonjwa wa presha ukiitwa presha, na ugonjwa wa sukari ukiitwa sukari, hakuona sababu ya ugonjwa wa moyo kuitwa kwa jina refu. Lakini shangazi alikuwa ametoka kulala chumba kimoja na mama yake, na mama yake alikuwa ameeleza kwa kirefu swali hilo linaulizwa lini na linajibiwaje. Akafungua kitenge. Akainua kidevu, tayari kushikwa.

"Ninao, mwanangu. Ng'oeni tu."

Benchi lote likaangua kicheko. Mzee mmoja aliyevimba shavu alicheka, akajutia papo hapo. Nesi naye alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. "Huyu mama ana moyo kweli," akasema, na akapiga mstari kwenye fomu, chini ya mistari miwili aliyokwisha kuipiga. Yote mitatu ilifanana.

Daktari wa meno alikuwa mtu mpole aliyefanya kazi yake kwa bidii. Ganzi haikushika vizuri, kwa sababu, alisema, penye usaha ganzi huwa haipendi kukaa. Jino lilivunjika mara mbili. Alitoa vipande, akatoa usaha, akatokwa jasho, na shangazi alishika mikono ya kiti akitazama dari. Alipewa pamba ya kung'ata, vidonge vya maumivu, na maelekezo ya kusukutua. Tulirudi nyumbani kwa miguu, na ilipofika jioni bibi alikuwa amekwisha kuisikia habari yote kutoka kwangu, na kuridhika nayo.

Niliisimulia vizuri. Sioni aibu kusema hivyo sasa. Nilikuwa na sauti ya nesi, ya haraka, ya puani. Nilikuwa na namna ya shangazi ya kufungua kitenge. Nilijifunza mahali pa kunyamaza kabla ya "ninao" ili kicheko kipate pa kutua. Majirani waliniomba niirudie. Wapiga chapa wenzake walipokuja kumjulia hali nilisimama katikati ya chumba nikaigiza, na nilipomaliza mmoja wao akasema, "Mwenzetu, moyo huo utugawie na sisi, maana orodha ya kupunguzwa kazi inakuja." Kila mara niliongeza kitu kidogo. Mzee wa shavu alipata mkongojo. Watu wa benchi wakawa ishirini. Ule mstari wa kalamu niliuacha, kwa sababu haukuchekesha.

Homa ilianza siku ya kumi na mbili au ya kumi na tatu. Haikuwa homa ya kutisha. Ilikuja alasiri, shangazi akajifunika shuka, ikamtoa jasho, ikaondoka. Tulisema ni malaria, kama ambavyo kila mtu husema. Akanywa klorokwini, akajikuna siku mbili, homa ikapungua kisha ikarudi. Akaenda kwenye maabara moja mpya nyuma ya soko, wakamtoa tone la damu, wakampa karatasi iliyosema taifodi. Muuza duka la dawa akampa vidonge vya rangi mbili, vyekundu na vyeusi, ambavyo siku hizo vilitolewa kwa kila kitu, kuanzia kikohozi hadi kidonda. Alivinywa siku tatu, homa ikakata, akaacha. Homa ikarudi. Akavinywa tena siku tatu. Ikakata. Wiki nne ziliisha hivyo, na yeye pamoja nazo. Nguo zake za ofisini zilianza kuning'inia kama zinaanikwa.

Wageni waliongezeka, na vikombe vya chai vilivyobaki vimejaa navyo viliongezeka. Mwanamke mjane, aliyekonda, mwenye homa isiyoisha: miaka ile watu walikuwa na jibu moja tu, ukimwi. Jirani yetu wa upande wa pili alinisogelea bombani.

"Mwenzangu, shangazi yako anaendeleaje?"

"Ana taifodi, mama."

"Taifodi." Alilitamka neno hilo polepole, kama anayesaidia mtoto kusoma. "Haya. Siku hizi watu wengi wana taifodi. Wamekanyaga waya, basi wanasema taifodi."

"Yeye aling'oa jino tu."

"Mwanangu, hakuna anayekonda kwa jino."

Nilikubaliana naye. Ndiyo sababu sikwenda kumwambia mtu yeyote wa hospitali habari za jino. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha, na hospitali si mahali pake.

Bibi ndiye aliyeamua. Alirudi kutoka Haneti mara ya pili, akamwona mwanawe anapumzika mara mbili kati ya kitanda na mlango, na hakukaa hata kuvua viatu. "Nyanyuka," akasema. "Tunakwenda kwa watu waliosoma."

Katika hospitali kubwa tulipokewa na daktari mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwamkia bibi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda, akaweka kifaa cha kusikilizia kwenye kifua cha shangazi, akasikiliza. Nilikuwa sijawahi kuona mtu mzima akisikiliza kitu kwa muda mrefu hivyo. Alikihamisha, akasikiliza. Akamgeuza ubavu, akasikiliza. Kisha akamshika mkono, akautazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama, hivi vijistari vyeusi chini ya kucha ni vya lini?"

"Huo ni wino wa utepe, daktari," shangazi akasema. "Mimi ni mpiga chapa. Hautoki hata kwa sabuni."

"Mara ya mwisho kupiga chapa ilikuwa lini?"

Shangazi akahesabu. "Ni wiki ya tatu sasa niko likizo ya ugonjwa."

Daktari aliminya ncha ya kidole kimoja, polepole, na shangazi akauvuta mkono.

"Ulishawahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo?" Alilitaja kwa jina lake refu.

"Hapana."

"Ulipokuwa mdogo, uliwahi kuvimba viungo? Magoti, viwiko, leo hapa kesho pale, na homa?"

"Hiyo ilikuwa baridi," shangazi akasema.

"Baridi gani?"

"Baridi yabisi. Ilinishika nikiwa darasa la tatu. Nilichomwa sindano kila mwezi, kwenye zahanati ya misheni. Walisema nichome mpaka niwe mtu mzima."

"Ukachoma mpaka lini?"

"Mpaka nikawa mtu mzima. Nilikwenda kusomea upigaji chapa. Nilikuwa na miaka kumi na saba."

Daktari akamgeukia bibi. Bibi alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, anaufuata mjadala kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Yule sista wa misheni alisema baridi imemgusa moyo," bibi akasema. "Nilidhani anasema mtoto amehuzunika. Na kweli alikuwa amehuzunika. Alikuwa hachezi na wenzake."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Miezi hii miwili, amekatwa mahali popote? Amepasuliwa jipu? Ameng'oa jino?"

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu. Mdomo wangu ulijua njia. Nilisimama katikati ya nafasi iliyokuwepo kati ya vitanda viwili, nikaanza na kitenge, nikaingia kwenye kaunta, nikatoa sauti ya puani, presha, sukari, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kutabasamu. Nikanyamaza mahali pangu pa kunyamaza. Nikasema "Ninao, mwanangu, ng'oeni tu," na mama mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta akacheka kwa sauti.

Daktari hakucheka. Alikuwa ameacha kuandika.

"Rudia hapo," akasema. "Bila sauti. Nesi aliuliza nini hasa?"

"Aliuliza, una moyo."

"Yeye akajibu nini?"

"Ninao."

"Nesi akaandika nini?"

Nikamwambia habari za mistari mitatu iliyofanana: hana, hana, hana. Ilikuwa mara ya kwanza kuitaja. Ilichukua sentensi moja, na hakuna aliyecheka, na nilipomaliza nilibaki nimesimama pale bila kujua mikono niiweke wapi.

"Jibu lilikuwa sahihi," daktari akasema. "Moyo anao."

Akatuchora nyuma ya karatasi ya dawa. Moyo, alisema, una milango midogo ndani yake, inafunguka na kufunga damu ikipita. Ile baridi ya utotoni ilikuwa imeacha kovu kwenye mlango mmoja. Mtu huweza kuishi na kovu hilo miaka mingi, akapiga chapa, akaolewa, asijue. Lakini kinywa kimejaa wadudu, kinywa cha kila mtu, na jino linapong'olewa wadudu hao huingia kwenye damu. Kwa mtu mwenye moyo mzima hupita tu. Ndani ya muda mfupi mwili umewamaliza. Kwa mwenye kovu, wanapata mahali pa kukwaruza na kukaa. Wanajenga hapo. Wanakula mlango.

"Kwa hiyo nina meno moyoni," shangazi akasema.

"Una wadudu wa meno moyoni."

"Mimi niling'olewa kwa kisu," bibi akasema kutoka sakafuni, "na sikuugua hata siku moja."

"Bibi, wewe moyo wako ulikuwa mzima."

Bibi alikubali hilo kama mtu anayepokea stahili yake, kisha akamtazama mwanawe, akashusha macho.

Walimtoa damu mara tatu, kwenye chupa zenye supu ya rangi ya chai, ili waoteshe wadudu wawajue. Ile dawa ya rangi mbili, daktari alisema, huenda imewaficha bila kuwaua. Ndiyo maana homa ilikuwa inaondoka na kurudi. Hawangesubiri majibu. Wangeanza penisilini ya mshipa siku hiyohiyo, kila baada ya saa sita, wiki nne au zaidi, na sindano nyingine juu yake. Kisha akatuita mimi na bibi nje, kwenye korido.

"Mlango umeharibika, siwezi kuurudisha," alisema. "Dawa ikiwahi, atapona na mlango unaovuja. Isipowahi, moyo utashindwa, au kipande kitakatika kiende kichwani. Kila asubuhi mwangalieni: anaongea sawasawa? Mikono yote inafanya kazi? Kikibadilika kitu chochote, niiteni."

Nikamuuliza nililotaka kuuliza. "Kama nesi angeuliza vizuri? Au mimi ningekuwa nimekuja kusema mapema?"

"Angeuliza vizuri, na shangazi yako angejua jibu, angepewa vidonge saa moja kabla ya kung'olewa. Huenda vingesaidia. Lakini jino lile lilikuwa bovu kwa miezi. Kila alipotafuna ugali, wadudu walikuwa wanaingia. Siwezi kukuambia waliingia siku gani." Akafikiri. "Ungekuja kusema mapema, ningeanza dawa mapema. Hilo naweza kukuambia."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyosema mtu anayekuelekeza chumba cha eksirei. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Siku za kwanza zilikuwa na upana usio wa kawaida. Upepo wa mwezi wa saba ulipiga vumbi jekundu kwenye vioo vya wodi, na kila mchana homa ilipanda kama kawaida yake, kama mfanyakazi asiyesoma matangazo. Dawa ilipokosekana hospitalini nilizunguka mjini kuitafuta, duka hadi duka, na ndipo nilipogundua kwamba mji wangu ulikuwa na maduka ya dawa mengi kuliko ya mkate, na kwamba yote yalikuwa na vidonge vya rangi mbili. Nesi wa wodi alitafuta mshipa kwenye mkono wa shangazi kila siku, na kila siku mshipa ulikuwa mgumu zaidi kupatikana. Majibu ya damu yalirudi yakionyesha wadudu wa kinywani, walewale. Kipimo kile kingine, alichokitabiri jirani, kilirudi safi. Jirani alipoambiwa alisema hata maabara hukosea.

Kila asubuhi nilifanya kile daktari alichotuagiza. Sikujua namna ya kumpima mtu kama kichwa chake kiko sawa, kwa hiyo nilimwomba apige chapa. Alilaza mikono yote miwili juu ya blanketi, vidole vikatafuta mahali pake, vikaanza. Nilitazama kidole kidogo cha kushoto, ambacho ndicho hulegea kwanza kwa wanafunzi. Hakikulegea.

"Unaandika nini, shangazi?"

"Barua ya kuongeza likizo ya ugonjwa." Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini maneno yalikuwa yamenyooka. "Husika na kichwa cha habari hapo juu."

"Kichwa cha habari kinasemaje?"

"Yahusu moyo." Akapumzika. "Hapana, futa. Wakiona moyo wataniweka kwenye orodha. Andika yahusu afya."

Siku ya nne alikosea neno. Alitaka kijiko, akasema kalamu, na bibi na mimi tukaruka wote wawili. Nilikimbia korido nzima. Daktari alikuja, akamwomba acheke, ainue mikono, ataje majina ya ndugu zake wote kwa kufuata umri. Aliwataja saba, na bibi akaitikia kwa kichwa kwa kila mmoja. Kisha shangazi akasema kwa hasira kwamba alitaka kalamu kweli, alitaka kuandika orodha ya vitu nilivyoacha nje kwenye vumbi, na mkononi nilikuwa nimeshika kijiko nikambabaisha. Daktari akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Vizuri," akasema. "Niiteni tena hivyohivyo."

Siku ya tisa homa haikuja. Alasiri ilifika, ikakaa, ikapita. Nesi alichomeka kipimajoto, akakisoma, akakitikisa, akakichomeka tena. Hatukuiamini, kwa sababu ilikuwa imekwisha kutudanganya mara nyingi. Siku ya kumi haikuja. Siku ya kumi na moja bibi aliomba ruhusa ya kwenda nje kutafuna tumbaku, kwa mara ya kwanza tangu tulipofika, akakaa huko saa nzima akitazama barabara.

Sindano ziliendelea wiki zote zilizobaki. Wakati zikiendelea walimng'oa meno mengine mawili mabovu, humohumo hospitalini, chini ya ulinzi wa dawa, na hakuna aliyemuuliza kitu, kwa kuwa faili lake lilikuwa limekwisha kusema kila kitu kwa herufi kubwa. Alinenepa kidogo. Alianza kulalamika kuhusu uji. Alisahihisha tangazo la wodi lililokuwa na makosa matatu ya tahajia, kwa kalamu ya nesi.

Siku ya kuruhusiwa daktari alisikiliza kwa mara ya mwisho, kisha akaniona nilivyokuwa nimekodoa macho, akanivalisha kile kifaa masikioni. Nilitarajia mapigo mawili, kama yanavyoandikwa vitabuni. Nilisikia pigo, kisha kitu kirefu, laini, kama mtu anafagia chumba cha jirani, kisha pigo.

"Hiyo sauti ya katikati ndiyo mlango unaovuja," daktari akasema. "Itabaki hivyo. Huenda siku moja akahitaji kupasuliwa. Huenda isifike huko. Sindano ya kila mwezi anarudi kuichoma, na safari hii siyo mpaka awe mtu mzima."

Shangazi alinyoosha mkono. Alitaka kujisikia mwenyewe. Akakivaa kifaa, akainamisha kichwa, na kwa muda mrefu tukamwangalia akijisikiliza, uso umetulia, kama wakati wa kusikiliza mashine yenye herufi inayokwama.

"Kuna mtu anachomoa karatasi humo ndani," akasema hatimaye. "Hachoki."

Akamrudishia daktari kifaa chake.

"Nitapiga chapa?"

"Utapiga."

"Nitakwenda Haneti kulima?"

"Utakwenda kusalimia. Kulima watalima wengine."

"Nitabeba ndoo?"

"Hutabeba. Wala kuni."

Shangazi alinigeukia. Alinitazama kuanzia kichwani, pale ndoo inapokaa, hadi miguuni, kwa jicho la mtu anayekagua kifaa cha ofisi kabla ya kukisainia.

"Umesikia?" akasema.

Nikasema nimesikia. Nikachukua begi lake, na bibi akachukua shuka, na yeye akatoka mbele yetu mikono mitupu, polepole, akipumzika mara moja tu kati ya kitanda na mlango.